Kuumuka na Kuganda: Tafakuri Kuhusu Povu la Plastiki

Mpishi wa mahamri ana bahati ambayo aghalabu yeye mwenyewe haitambui. Akishaukanda unga wake na kuutia hamira, huufunika kwa kitambaa akaenda zake kushughulikia mengine. Na kila anapoingiwa na shaka, hufunua kitambaa akatazama. Unga ukiwa bado, husubiri. Ukiwa umeumuka kupita kiasi, huushindilia ngumi, hewa ikatoka, ukaanza upya. Jicho, kidole na pua ndivyo vipimo vyake, navyo havijamtupa tangu alipofundishwa na mamake.

Yupo fundi mwingine ambaye kazi yake vilevile ni kuumua, ila yeye hana bahati hiyo. Huyu yumo katika kiwanda cha majokofu. Mbele yake pana sanduku lenye kuta mbili, ya nje ya bati na ya ndani ya plastiki, na baina yake uwazi wa sentimita chache. Mashine hukutanisha viowevu viwili, ikavichanganya kwa nguvu na kuvipiga ndani ya uwazi huo kwa sekunde chache tu, kisha tundu likazibwa. Mchanganyiko hupauka kama maziwa, ukapanda, ukajaza kila pembe, halafu ukaganda na kuwa mgumu kama ubao mwepesi. Yote hayo hukamilika kwa dakika chache. Hapana kitambaa cha kufunua. Hapana ngumi ya kuushindilia uanze tena, kwa maana povu la aina hii likishaganda haliyeyuki hata likitiwa motoni, huungua tu. Fundi huyo hayaoni maandalizi, huletewa matokeo.

Povu hilo huitwa poliyurethani, nalo limezua swali lililowashughulisha wanakemia na wanahisabati kwa miongo mingi: je, yanayotukia ndani ya ukuta uliozibwa yanaweza kuandikwa kwa hesabu kabla hayajatukia? Kielezo cha namna hiyo, yaani mfano wa jambo uliojengwa kwa milinganyo badala ya udongo au mbao, ndicho kinachozungumziwa hapa. Yamkini msomaji wa jarida la Kiswahili atajiuliza povu la plastiki linamhusu nini. Na asubiri kidogo. Hata gesi iliyoitoboa mbingu imo katika habari hii, na sehemu ya kesi yake imekuwa ikisikilizwa Nairobi.

Kwanza ifahamike namna povu linavyojiumba. Kiowevu kimoja ni isosayaneti. Cha pili ni polioli, ambayo ndani yake mmetiwa maji kidogo, vichocheo, sabuni maalumu ya silikoni, na kiowevu chepesi kinachochemka upesi. Isosayaneti ina kazi mbili kwa wakati mmoja. Ikikutana na polioli hushikana nayo, molekuli kwa molekuli, hadi minyororo ikafungamana na kuwa mtandao. Ikikutana na maji hutoa hewa ya ukaa. Kazi zote mbili huzaa joto jingi, kiasi kwamba kiini cha povu kinaweza kupita nyuzi 150 za Selsiasi, na joto hilo ndilo linalokichemsha kile kiowevu chepesi kikawa mvuke. Hewa ya ukaa na mvuke huvijaza viputo, viputo huvimba, povu huumuka. Lakini joto hilohilo linaharakisha kufungamana kwa minyororo, na minyororo ikishafungamana povu huganda. Hicho ndicho kizungumkuti cha fundi: kinacholiumua povu ndicho kinacholigandisha.

Kuganda kukitangulia, mchanganyiko hukakamaa kabla haujafika pembeni, ukaacha mapango matupu nyuma ya bati. Kuumuka kukitangulia, tando za viputo hunyooka zikawa nyembamba mno, zikapasuka, gesi ikatoroka, na povu zima likanywea. Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kuulizwa katika mtihani ipi ni ya kweli kati ya methali mbili zinazopingana, haraka haraka haina baraka na ngoja ngoja huumiza matumbo. Ndani ya kalibu ya jokofu hakuna upinzani: zote mbili ni za kweli, na tena katika sekunde ileile.

Mafundi wa zamani hawakungoja milinganyo. Walikuwa na kikombe cha karatasi na saa ya mkononi. Walikoroga viowevu humo na kuandika nyakati nne: wakati wa kupauka, wakati ambapo kijiti kikichomekwa na kutolewa huvuta nyuzi, wakati wa povu kufika kileleni, na wakati ambapo uso wake haunati tena kidoleni. Huo ni ujuzi wa kweli na haufai kudharauliwa. Ndio ujuzi wa mpishi wa mahamri. Tatizo ni kwamba kikombe si jokofu. Ndani ya kikombe joto hujikusanya katikati, ilhali katika uwazi mwembamba ulioshikwa na bati baridi pande mbili joto hunyang'anywa kabla halijafanya kazi yake. Nyakati nne za kikombe si nyakati za ukutani, na fundi aliyeziamini kupita kiasi alijikuta na masanduku ya kutupa.

Kabla ya kurudi kwenye joto na kemia, iko habari ya umbo, nayo haifai kupitwa mbio. Povu ni jumba la vyumba visivyohesabika, na kila ukuta wa chumba ni utando unaomilikiwa kwa ubia na jirani. Aliyezigundua sheria za kuta hizo alikuwa kipofu. Joseph Plateau alizaliwa Brussels mwaka 1801 na kuanzia mwaka 1835 alifundisha fizikia katika mji wa Ghent, huko Ubelgiji. Husimuliwa kwamba mwaka 1829 alilikodolea jua macho kwa sekunde nyingi kwa ajili ya jaribio, na kwamba hilo ndilo lililomponza. Madaktari wa baadaye wamelitilia shaka simulizi hilo na kuelekeza lawama kwa ugonjwa wa macho. Vyovyote iwavyo, kufikia kati ya miaka ya 1840 alikuwa haoni kabisa. Aliishi hadi mwaka 1883, na miaka hiyo yote ya giza hakuacha majaribio. Aliyatunga kichwani; jamaa na wenzake, miongoni mwao mwanawe Félix na mkwewe Van der Mensbrugghe, waliyatenda kwa mikono yao. Walitumbukiza fremu za waya ndani ya maji ya sabuni yaliyochanganywa na gliserini, wakazitoa, wakamweleza tando zilivyokaa.

Mwaka 1873 alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya jambo hilo. Humo alieleza kwamba tando za povu hukutana tatu tatu, kamwe si nne, na pembe baina yake ni nyuzi 120. Na kwamba kingo zinazotokana na tando hizo hukutana nne nne, kwa pembe ya nyuzi 109.5 hivi. Mwanahisabati Jean Taylor alitoa uthibitisho kamili wa sheria hizo mwaka 1976. Mtu asiyeona alikuwa ameliona jambo miaka 100 na ushei kabla ya hisabati kulitia muhuri.

Umuhimu wake kwa fundi wa jokofu ni huu. Katika povu linaloumuka, kiowevu hufyonzwa kutoka katikati ya tando kwenda kwenye zile kingo za Plateau, nazo kingo hunenepa huku tando zikikonda. Kuganda kunapoingia, kingo hugeuka nguzo na tando hugeuka vioo vyembamba. Nguzo hizo ndizo hulipa povu sehemu kubwa ya nguvu yake. Vioo ndivyo vinavyoifungia gesi. Kielezo kisichojua ni kiasi gani cha plastiki kimekwenda kwenye nguzo na kiasi gani kimebaki kwenye vioo hakiwezi kutabiri iwapo ukuta utabonyea au utapitisha joto.

Palikuwa pia na swali la umbo bora la chumba. Lord Kelvin alilijibu mwaka 1887 kwa umbo lenye nyuso 14, na jibu lake likasimama hadi mwaka 1993, Denis Weaire na Robert Phelan wa Dublin walipopata kwa tarakilishi mpango unaotumia ukuta pungufu kwa takriban asilimia 0.3. Ukumbi wa kuogelea wa Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008 ulijengwa kwa kuufuata mpango huo. Ni habari tamu, ila isimpotoshe mtu: povu halisi la kiwandani halimjui Kelvin wala Dublin, na vyumba vyake vimebanana ovyo kama vibanda vya soko.

Sasa kemia. Miongoni mwa kazi ambazo watafiti wa povu wamezirejelea sana ni makala mbili za Baser na Khakhar, zilizochapishwa mwaka 1994 kutoka chuo cha teknolojia cha Bombay, mji ambao sasa ni Mumbai. Uzuri wake ni unyenyekevu. Waandishi hao hawakujaribu kukifuata kila kiputo. Walifanya kama mwenye duka afungaye hesabu jioni: daftari moja la isosayaneti iliyobaki, daftari la pili la joto lililozaliwa na lililotumika kukichemsha kiowevu chepesi, daftari la tatu la gesi iliyo ndani ya povu. Kila mmenyuko ulipewa mwendo wake, na mwendo huo huongezeka kadiri joto linavyopanda. Madaftari hayo matatu yanategemeana, hivyo huwezi kuandika mstari mmoja bila kuigusa mingine. Kisha waliumua povu lenyewe, wakapima joto na msongamano wake kadiri muda ulivyokwenda, wakalinganisha na hesabu.

Madaftari hayo hayasemi mchanganyiko unakuwa mzito kiasi gani, yaani mnato wake. Hapo hukopwa fikra ya Paul Flory ya mwaka 1941. Na ichukuliwe kwamba molekuli za upande mmoja zina mikono mitatu na za upande wa pili mikono miwili, na mikono ya pande hizo ni sawa kwa idadi. Mikono inaposhikana, mwanzoni hupatikana vikundi vidogovidogo tu, navyo huteleza. Lakini asilimia 71 hivi ya mikono ikishashikana, ghafla kunakuwa na kundi moja lisilo na mwisho, kutoka ukuta hadi ukuta. Kabla ya hapo ni kiowevu. Baada ya hapo hakimiminiki tena. Polioli za povu gumu aghalabu huwa na mikono mingi zaidi, kwa hiyo mtandao hukamilika mapema. Kielezo hufuatilia asilimia hiyo, na kadiri inavyokaribia mpaka ndivyo mnato unavyopaa kuelekea kusiko na kikomo.

Kisha kuna viputo vyenyewe. Wengi hudhani huzaliwa kutoka patupu. Sivyo; kwa sehemu kubwa mbegu zake ni chembe za hewa zilizoingizwa na kichanganyio, kama ilivyo kwa anayepiga mayai. Kiputo kidogo kina shinikizo kubwa kuliko kikubwa, kwa hiyo gesi yake huvuja kupitia kiowevu kuelekea kwa jirani aliyenona: mdogo hukonda hadi akatoweka, mkubwa akazidi kunenepa. Kazi mojawapo ya sabuni ya silikoni ni kupunguza dhuluma hiyo. Kwa kuwa haiwezekani kumfuata kila mmoja, vielezo vya baadaye hufanya sensa: viputo vingapi ni vya ukubwa huu, vingapi vya ukubwa ule, vingapi vimeungana na jirani zao tangu sekunde iliyopita. Mwisho wa sensa, katika povu zuri la jokofu, kila chumba huwa na upana wa sehemu ndogo tu ya milimita, na msongamano huwa kama kilogramu 30 hadi 40 kwa kila mita moja ya ujazo. Takriban sehemu 97 katika 100 za ukuta huo ni gesi.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwa ajili ya lugha. Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya, na ni kweli kwamba isosayaneti haikuzaliwa Lamu. Lakini kwa matendo yenyewe Kiswahili si maskini. Umua ni tendo la mtu, umuka ni tendo la unga, na kati ya vitenzi hivyo viwili imo tofauti yote baina ya fundi na povu lake. Kuna kufoka, kutokota, kuganda, kukakamaa, kunywea, kusinyaa. Kiingereza cha viwandani husema tu kwamba povu limepanda, kana kwamba limeshika ngazi. Ajuaye kuumuka tayari anajua kwamba kinachovimba kinavimba kutoka ndani.

Ikiwa sehemu 97 ni gesi, basi ni gesi gani? Swali hili ndilo lililokigeuza kielezo kutoka anasa ya wasomi hadi hitaji. Otto Bayer na wenzake walipozianzisha kemikali za poliyurethani huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, viputo vilionekana kuwa kasoro. Baadaye kasoro ikawa bidhaa, na bidhaa ikapata gesi iliyoelekea kuumbwa kwa ajili yake: CFC-11. Ilichemka kwenye nyuzi 24, yaani joto la mkono lilitosha kuiamsha. Haikuwaka moto. Ilipitisha joto kwa kiasi cha thuluthi moja tu ya hewa ya kawaida. Ilisamehe makosa. Kwa miongo mafundi walijenga ujuzi wao wa kikombe juu ya gesi hiyo.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za jamii hiyo hupanda hadi angani juu na kuliharibu tabaka la ozoni. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa imepungua vibaya. Itifaki ya Montreal ilitiwa saini mwaka 1987. Sekretarieti ya Ozoni, inayoihudumia, imo katika makao ya Umoja wa Mataifa Nairobi. Nchi tajiri zilitakiwa kuacha CFC kufikia mwaka 1996, nchi zinazoendelea kufikia mwaka 2010. Mbadala haukukosekana, ila kila mbadala ulikuwa na kisirani chake. Saiklopentani huchemka kwenye nyuzi 49, kwa hiyo huchelewa kuamka, tena hushika moto. Maji zaidi maana yake ni hewa ya ukaa zaidi, ambayo hupitisha joto takriban mara mbili ya CFC-11 na huvuja polepole kupitia vioo vya vyumba. Gesi nyingine zilizotumika badala yake hazikudhuru ozoni, ila ziliongeza joto la dunia, ndipo marekebisho ya kuzipunguza yakakubaliwa Kigali mwezi wa Oktoba 2016.

Kila mabadiliko ya gesi yalizivuruga saa zote nne za kikombe kwa mpigo. Mzee aliyekuwa akijua kwa kidole alijikuta mwanafunzi. Kielezo hakikuwa na kumbukumbu ya kidole; kilikuwa na madaftari tu, na katika madaftari kubadilisha gesi ni kubadilisha tarakimu: kiwango cha kuchemka, joto linalonyonywa, kasi ya kuyeyuka ndani ya polioli. Hakikujibu kila kitu. Hadi leo kupasuka kwa tando ni sehemu ngumu kuihesabu, na baadhi ya tarakimu hukazwa na kulegezwa kama nyuzi za zeze hadi jibu lioane na kipimo. Hilo si dhambi mradi lisemwe. Nalo halisemwi kila mara. Lakini kilielekeza pa kuanzia, na pa kutoboa tundu la kutolea hewa ili pembe ya mwisho isibaki pango.

Si wote walioshika njia hiyo. Mwezi wa Mei 2018 wanasayansi waliripoti kwamba CFC-11 iliyokuwa ikimwagwa angani ilikuwa imeongezeka kwa takriban robo tangu mwaka 2012, ilhali rasmi hakuna aliyekuwa akiitengeneza. Mwaka 2019 vipimo kutoka vituo vya Gosan, Korea Kusini, na Hateruma, Japani, vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitoka mashariki mwa China, hasa mikoa ya Shandong na Hebei. Mwaka uliotangulia, wachunguzi wa mazingira walikuwa wameambiwa na wenye viwanda vya povu, bila kificho kikubwa, kwamba gesi ya zamani ilikuwa rahisi kwa bei na nzuri kwa kazi. Haya si maneno ya majambazi wa riwaya. Ni maneno ya mpishi aliyenyang'anywa hamira aliyoizoea akapewa nyingine isiyoumua vizuri. Wenye viwanda hao walikuwa na wateja wa kuwaridhisha, na mbingu haikuwa mmoja wao. Ukaguzi ulikazwa, na vipimo vilivyochapishwa mwaka 2021 vilionyesha kwamba mmwago huo ulikuwa umeshuka tena.

Iliyobaki ni ile iliyokwisha kufungiwa. Jokofu lililotengenezwa kwa CFC-11 mwaka 1985 huenda leo limeegemezwa nyuma ya nyumba, injini yake imekufa, mlango wake umeng'olewa, kuku wametagia ndani. Ukuta wake ungali mgumu. Vyumba vilivyoganda katika zile dakika chache vingali vimefungwa, vingi kati yake, na gesi ya mwaka ule imo humo, ikivuja taratibu kupitia vioo vyake, hadi siku atakapofika mnunuzi wa vyuma chakavu na shoka lake.